Usisahau C

Msomaji, najua ukiona hesabu katikati ya hadithi na mashairi utafungua ukurasa unaofuata. Ngoja kwanza. Mimi pia ni mtu wa hadithi. Nina madaftari manne ya riwaya ambayo haijaisha, na ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza nataka kuwa nani, nitakujibu "mwandishi" kabla sijafumbua macho. Lakini kisa ninachotaka kukusimulia hakisimuliki bila hesabu, tena si ile ya kujumlisha na kutoa tuliyoiimba darasa la pili, bali ile ya Kidato cha Sita ambayo wengi wetu tuliikimbia kama moto wa kichaka. Inaitwa integresheni. Iliingia nyumbani kwetu Chiwata, ikakaa mkekani katikati ya mama yangu na mjomba wangu, na mpaka leo naona kama haijaaga.

Nianzie shuleni.

Nilisoma mchepuo wa HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, katika shule moja ya bweni mbali na kwetu. Kwa mchepuo ule ilikuwa lazima usome na BAM, hesabu ya nyongeza. Ada, godoro, ndoo, nauli, hata kalamu, vyote vilitoka kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwetu huku, iwe kwa Wamakonde, Wamakua au Wayao, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye mzigo. Yeye aliuza korosho, mimi nikala kitabu. Kwa hiyo niseme mapema kabisa: huyu nitakayemtaja hapa ndiye aliyenisomesha. Usije ukamhukumu haraka.

Hesabu ilianza kunipiga chenga tangu Kidato cha Kwanza, na chanzo kilikuwa lugha. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili: sehemu, kipeo, kipeuo, mlinganyo. Ghafla yote yakageuka Kiingereza. Nakumbuka mwalimu mmoja akisema "paua, paua" huku akigonga ubao kwa chaki, nami nikawa namwona fundi juu ya nyumba anapaua, natafuta mabati yako wapi. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba paua ile ni kipeo kilekile nilichokijua, kile kinamba kidogo kinachopanda begani mwa mwenzake. Jamani! Kitu nilichokuwa nacho mfukoni nilikuwa nakitafuta porini.

Mwalimu wetu wa BAM alikuwa kijana mpole mwenye koti moja. Alianza na difrensiesheni. Alisema difrensiesheni ni kuuliza kitu kinabadilika kwa kasi gani. Una x², kasi yake ya kubadilika ni 2x. Una x³, kasi yake ni 3x². Kipeo kinashuka mbele kuzidisha, kisha juu kinapungua moja. Hiyo niliielewa, maana ilikuwa kama kuteremka mlima.

Wiki mbili baadaye akachora ubaoni alama ndefu iliyopinda juu na chini. Mtu wa nyuma akanong'ona, "Upembo huo!" Darasa zima likaangua kicheko, kwani kweli ilifanana na ule mti wenye ndoano tunaoangulia maembe. Mwalimu hakukasirika. Akatuambia ile ni herufi S iliyovutwa. Mjerumani mmoja, Leibniz, aliiandika kwenye karatasi zake Oktoba 1675, akichukua S ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Akaongeza kuwa hata yeye alikuwa na waliomtangulia. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Misri, alikuwa amekwisha kujua namna ya kujumlisha namba zilizopandishwa hadi kipeo cha nne ili apate ujazo wa umbo lililopinda. Mtaliano Cavalieri, katika kitabu chake cha mwaka 1647, akaifikisha njia yake mpaka kipeo cha tisa.

"Mmesema upembo," mwalimu akasema. "Sawa. Upembo huu unaangua jumla kutoka kwenye mabadiliko. Nipe kasi, nikupe kilichokusanyika."

Halafu akaandika kanuni, nasi tukaiimba kama wimbo wa mchakamchaka: ongeza moja kwenye kipeo, gawa kwa kipeo kipya, weka C.

∫ xⁿ dx = xⁿ⁺¹/(n + 1) + C

Usikimbie, msomaji, ni rahisi kuliko inavyotisha. Ile dx inakuambia tu kwamba kinachobadilika ni x. Ukipewa x², kipeo 2 kinakuwa 3, unagawa kwa 3, jibu x³/3 + C. Ukipewa 4x, hapo x ina kipeo 1 ambacho hakiandikwi. Kinakuwa 2, unagawa kwa 2, jibu 4x²/2, yaani 2x² + C. Ukipewa 5 tupu, jibu ni 5x + C. Ukipewa msururu kama 6x² + 4x + 5, unachukua mmoja mmoja kama abiria wanaoshuka kwenye basi: 2x³ + 2x² + 5x + C. Ukitaka kujua kama umepatia, lifanyie jibu lako difrensiesheni. Likikurudisha palepale ulipoanzia, umepatia.

Ipo sehemu moja tu ambapo kanuni hii inagoma, nayo ni pale n inapokuwa −1. Ukiongeza moja unapata sifuri, na kugawa kwa sifuri ni mwiko. Hapo unalazimika kuiacha kanuni ukatafute msaada kwingine, kwa wale jamaa wanaoitwa logi. Mwiko huo uweke akilini, utatufaa mbele.

Sasa, mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nilikuwa nasahau C. Zoezi baada ya zoezi, kalamu nyekundu ilinisubiri mwisho wa mstari: "C iko wapi?" Nilichukia. Nilijiuliza, kuna haja gani ya kuhangaika na herufi ambayo haina hata namba? Kama hujui ni ngapi, si uache tu?

Jioni moja wakati wa kujisomea mwalimu akaja kwenye dawati langu. Akaandika kwenye daftari langu mistari mitatu: x² + 7, x² + 100, x² − 3.

"Fanya difrensiesheni zote tatu."

Nikafanya. Zote zikatoa 2x.

"Ile 7 imekwenda wapi?"

"Imekufa, mwalimu."

"Haikufa. Ipo, ila haibadiliki, na kasi huona kinachobadilika tu. Sasa mtu akikuletea 2x peke yake akakwambia rudisha nilikotoka, utajuaje ametoka kwa yupi kati ya hawa watatu?"

"Sitajua."

"Basi kuwa mkweli. Andika C."

Akaondoka na koti lake. Nilielewa siku ile, lakini kuelewa ni jambo moja, na kitu kukuingia ni jambo jingine.

Nilifanya mtihani Mei 2021. Matokeo hayakunifikisha nilikotaka, sitayazungumza sana. Nikarudi nyumbani na begi, godoro na madaftari ya riwaya. Chiwata ipo Masasi, upande wa kuelekea Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Vumbi letu jekundu ukilipiga pasi linabaki. Nikaingia shambani kwa mjomba. Mwezi wa saba mikorosho ikianza kutoa maua nilibeba mashine mgongoni kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, uso nimeufunga kitambaa kama jambazi wa kwenye sinema. Mwezi wa kumi nikaokota. Jioni nikaandika. Mama akinipita na kuniona nimeinamia daftari alikuwa akisema, "Haya, endelea kutuandika." Mimi nilidhani ananitania.

Ugomvi ulianza kwa ndoo. Mdogo wangu wa kike alichaguliwa kwenda shule ya bweni, ikatakiwa sare, godoro, shuka, na ndoo yenye mfuniko. Msimu ulikuwa haujafunguliwa, ghala limefungwa, mnada bado. Mama akafanya wanachofanya wengi wakikabwa: akauza kangomba. Kama wewe si mtu wa kusini, kangomba ni ule ununuzi wa kificho, mtu anakuja na bakuli lake, anapima korosho kwa bakuli, analipa bei anayotaka yeye, na wewe unaitikia kwa sababu mtoto anasubiri godoro. Serikali inaukataza kila mwaka. Shida nayo hurudi kila mwaka.

Mjomba akasikia. Akaja jioni, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Umeuza korosho zangu."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Nimeuza korosho za mama, kaka."

Basi. Maneno matano yale yaliwasha nyumba nzima. Mjomba akasema hakuna mkorosho hata mmoja pale shambani usio wa jasho lake. Alikuta pori, akafyeka, akapanda, akapalilia, akasomesha watoto wa dada zake, na leo anaambiwa korosho za mama? Mama akasema mama yao alikuwa na mikorosho kabla hata kaka mtu hajaota ndevu. Mjomba akatoka, akarudi na daftari kubwa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akanitupia mapajani.

"Msomi wetu huyu hapa, nimemlipia mwenyewe. Atupigie hesabu. Kila mche niliopanda umeandikwa humo. Jumapili atusomee."

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Upande mmoja mama. Upande wa pili mtu aliyeuza gunia moja moja ili mimi nijue kuhesabu. Nililiangalia lile daftari kama mtu aliyepewa nyoka amshike.

Usiku nikawasha taa ya sola, nikafungua. Ukurasa wa kwanza uliandikwa 1994. Mwaka ule ilishika miche 2 tu, maana alikuwa peke yake na panga. Mwaka uliofuata 6. Halafu 10, 14, 18, 22, 26, 30, 34, na mwaka 2003 miche 38. Nikiri hapa kwamba nimezilainisha namba kidogo ili zikae sawa machoni pako, kwani daftari lenyewe lilikuwa na makengeza hapa na pale, ila mwendo ulikuwa huo huo. Kila mwaka alipanda minne zaidi ya mwaka uliopita. Mche uliokufa aliuandika, na akaandika siku alipoziba pengo. Nilishikwa na huzuni kusoma. Lile lilikuwa daftari la mtu mwaminifu.

Nikajumlisha kwa vidole: 2 na 6, 8, na 10, 18, mpaka mwisho, 200. Halafu, sijui shetani gani wa BAM aliyeniingia, nikataka kujaribu kanuni. Kama kila mwaka kasi inaongezeka kwa minne, basi miaka t tangu aanze, kasi yake ni 4t kwa mwaka. Ongeza moja kwenye kipeo, gawa kwa kipeo kipya: 4t²/2, yaani 2t². Weka 10 mahali pa t: 2 mara 100. Mia mbili! Kidole na kanuni vimekutana. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu, nikapiga mstari chini ya jibu, nikataka kuzima taa.

Ndipo nikaiona ile kalamu nyekundu, hivi hivi, kama ipo. C iko wapi?

Nikakaa. Daftari linasema mjomba alipanda mingapi kila mwaka. Linasema mabadiliko. Kuhusu shamba lilikuwa na nini siku ile alipolinunua daftari na kuandika 1994, halisemi neno. Mimi nilikuwa nimeweka sifuri bila kuulizwa. Mjomba naye aliweka sifuri, mama akaweka namba yake kichwani, na wote wawili walikuwa wanagombana juu ya herufi moja.

Nikaandika: 2t² + C.

Alfajiri, kabla mtu hajaamka, nikachukua kopo la majivu nikaenda shambani. Kila mkorosho niliouhesabu niliupaka jivu kwenye shina nisije nikaurudia. Jua lilinikuta nimemaliza. Mikorosho 243. Toa 200 za daftari. Zikabaki 43.

Na zile 43 hazikuhitaji jivu kutambulika. Mikorosho ya mjomba imekaa kwa mistari, aliipima kwa kamba, hatua kumi na mbili hadi kumi na mbili, kama bwana shamba alivyoelekeza. Ile mingine ipo mteremkoni, imesongamana bila mstari, mashina sikuweza kuyakumbatia, matawi yamelala chini yakainuka tena. Chini yake nilikuta mafiga matatu meusi yaliyozama ardhini na kipande cha mtungi. Yalikuwa mahame. Watu waliwahi kupika pale.

Hapo historia niliyoisoma kwa ajili ya mtihani ikanigeukia ikawa yetu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini huku. Kisha zikaporomoka. Kufikia msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Wataalamu wanataja bei ndogo, wanataja ubwiriunga, na wanataja vijiji vya ujamaa, ambapo watu walihamishiwa kwenye makazi ya pamoja na mikorosho yao ikabaki mbali, ikamezwa na pori. Miaka ya 1990, salfa ilipoenea na watu wakarudi mashambani, ndipo mavuno yalipoanza kupanda, hadi yakavuka tani 300,000 msimu wa 2017/18. Mjomba na panga lake la 1994 alikuwa mmoja wa waliorudi. Pori alilolifyeka lilikuwa shamba kabla halijawa pori.

Jumapili tukakaa chini ya mwembe. Mama upande huu, mjomba upande ule, bibi kwenye mkeka anamenya muhogo kana kwamba hayamhusu. Bibi ana karibu miaka themanini. Nikasimama na karatasi, mikono inatetemeka.

"Shikamooni. Mjomba, nimesoma daftari lako lote. Umepanda miche mia mbili, hakuna hata mmoja wa kubisha. Ila shambani kuna mikorosho mia mbili arobaini na mitatu. Jibu langu ni mia mbili, kuongeza C. Na C ni arobaini na tatu."

"C ndiyo nini?"

"Ni kile kilichokuwepo kabla daftari halijafunguliwa."

Kimya. Mjomba akakuna kidevu. Si mjinga mjomba wangu, na shule angeipata angenipita mbali.

"Vizuri, mpwa wangu. Lakini kabla ya daftari, mimi sikuwa na mikono? Hizo arobaini na tatu nilipanda kabla sijapata pesa ya kununua daftari. Hesabu yako inanikatalia?"

Msomaji, haikumkatalia. Unakumbuka ule mwiko wa n kuwa −1? Hapa nilifika kwangu. Kanuni ilinipa 43, lakini haikujua ni mikono ya nani iliyofukia mbegu. Nilifungua mdomo nikaufunga. Kuna mahali hesabu inakuacha njia panda, na lazima umwendee mtu aliyekuwepo.

Nikamgeukia bibi. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mume wangu."

"Ile mikorosho ya mteremkoni, ile mikubwa. Unaijua?"

Akaweka kisu chini. "Kwa nini nisiijue? Mbegu zake alinipa mama yangu, kikapu kizima. Mwaka ule aliouawa Mondlane kule Dar es Salaam, redio ikalia siku nzima, mikorosho ile ilikuwa inanifika hapa." Akaonyesha kiuno chake. Halafu akamtazama mjomba. "Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni. Ulikuwa unalilia mabibo ya jirani."

Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Nilifanya hesabu ya mwisho kimoyomoyo: miaka 25 kabla ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Mbona hukusema siku zote hizo, mama?" mjomba akauliza, sauti imeshuka.

"Aliniuliza nani? Walipotuhamisha tukaiacha. Nikasema basi, imekwenda na mengine. Wewe uliporudi ukafyeka, nikafurahi. Usingefyeka, moto ungeila yote. Mia mbili ni zako, mwanangu, Mungu anazijua. Lakini dada yako akiuza bakuli moja ya pale chini, ameuza yangu, nami nimempa."

Akachukua kisu akaendelea kumenya muhogo.

Natamani nikuambie mjomba alicheka tukakumbatiana. Kwenye riwaya zangu za mwanzo ningeandika hivyo. Mjomba aliinuka, akakung'uta suruali, akachukua daftari lake akaenda. Kwa miezi miwili hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilikuwa namwamkia, anaitikia "marahaba" akiwa anaangalia mti. Yalikuwa maumivu, ndugu yangu, usione nayaandika kirahisi. Usiku nilijiuliza kama nilifanya haki kutumia elimu aliyoilipia kumpunguzia alichonacho.

Msimu ukafunguliwa. Siku ya kupeleka mzigo ghalani nilimsaidia kushusha magunia. Karani alipoanza kuandika, mjomba akasema bila kunitazama, "Hayo mawili ya mwisho andika jina la dada yangu." Magunia mawili tu. Mikorosho ile imezeeka, haizai sana. Lakini mama alipopewa stakabadhi yake aliikunja mara nne akaiweka kwenye kibindo cha khanga, na sikumwona akiitoa kwa siku tatu.

Jioni yake mjomba akaja na daftari. Akalifungua ukurasa wa kwanza, juu kabisa, pale palipobaki nafasi kabla ya mwaka 1994.

"Wewe una mwandiko mzuri," akasema. "Andika hapo: arobaini na tatu, za mama."

Nikaandika.

Sasa nirudi kwetu sisi waandishi chipukizi, maana ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Riwaya yangu ilianzaje? Ilianza kijana akishuka Dar es Salaam kwenye basi, hana kitu, hana mtu, anaanza moja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeandika C sawa na sifuri, kwa sababu sikuwa na habari nyingine. Kijana wangu alikuwa anabadilika vizuri tu, anapata kazi, anapoteza kazi, anapenda, anaachwa. Kasi ilikuwepo. Lakini hakuwa na mafiga yaliyozama ardhini. Hakuwa na bibi aliyepewa kikapu cha mbegu. Ndiyo maana nilikwama ukurasa wa tisini, nikawa nasingizia kukosa muda.

Siku hizi jioni nakwenda kwa bibi na daftari la tano. Namletea ugoro wake, namuuliza. Kijiji cha zamani kilikuwa na nyumba ngapi? Mama yake zile mbegu alizitoa wapi? Mengine anakumbuka, mengine anasema, "Hilo sijui, mume wangu." Akisema hajui, siweki namba ya kubuni nikajifanya ni kweli. Naandika C, nasonga mbele, maana yupo mwingine wa kumuuliza.

Nakuachia swali la nyumbani. Fanya integresheni ya 3x². Najua utapata x³, hata wewe uliyekimbia darasani. Ukishaandika x³ usiweke kalamu chini. Kama kwenu yupo bado mzee anayemenya muhogo mkekani bila kuulizwa kitu, nenda kamwamkie leo.